Siku Tulipomtoa Kambale Badala ya Kasereka

Watu wanacheka nikisema nimestaafu. Kwa mawazo yao mstaafu ana mvi, ana fimbo, ana kikohozi cha asubuhi. Mimi nina meno yangu yote na mama yangu bado ananiuliza nitaolewa lini. Lakini kazi yangu imekwisha. Kituo chetu cha Murara kimekabidhi mashine kwenu, ninyi vijana wa ofisi mpya, nami nimefungua studio ndogo ya picha kule Mapendo. Mtu akiiacha kazi aliyoishika tangu alipotoka shuleni, amestaafu, hata kama bado anaruka kamba na watoto wa jirani.

Mmeniomba niwaandikie namna ya kukagua zile diski bila kuleta msiba. Papa Kasereka, mwalimu wangu, angewaandikia vizuri kuliko mimi. Shida ni kwamba akishika kalamu atajitetea tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtaona hapo mbele anajitetea kwa jambo gani.

Shule sikuimaliza. Vita vilipokaribia, darasa letu lilijaa familia zilizokimbia kutoka Masisi, na mwalimu wetu wa hesabu akawa anapima maharage kwa kikombe badala ya kutufundisha. Ndivyo nilivyofika kituoni kuomba kazi yoyote. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa vumbi. Mnalijua lile vumbi letu jeusi la volkano, linaloingia hata ndani ya yai. Papa Kasereka alinipa brashi ya kupaka chokaa, mpya, akanionyesha sanduku la chuma lililokuwa linanguruma pembeni.

"Riziki, utakuwa unapangusa hapa kila asubuhi. Hii haiko vumbi. Ni mulima ndiyo unakuja kidogo-kidogo."

Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye tai ya kwaya siku zote, hata siku ambayo hakuna kuimba. Niliogopa sanduku lile wiki nzima. Nilidhani nikilipangusa vibaya watu watapotea. Baadaye nikajua kwamba sikuwa mbali sana na ukweli.

Sanduku lile lilikuwa seva, kompyuta ya kuhifadhia, na ndani yake mlikuwa na picha za watoto. Watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia, barabarani, sokoni, katikati ya mvua na risasi. Wenzetu waliwapiga picha walikowakuta, wakaandika mtoto anasema anaitwa nani na sasa anakaa kwa nani. Picha za Rutshuru zilitufikia kutoka Kiwanja, ndani ya flashi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, katika soksi ya mwendesha pikipiki. Tulizimwaga kwenye seva, tukaifuta flashi, ikarudi kwenye soksi yake kuchukua nyingine. Wazazi walikuja Jumapili baada ya misa, wakakaa kwenye benchi, wakaangalia nyuso moja moja kwenye skrini.

Diski zilikuwa nne, zimekaa mbele ya sanduku kama droo za kabati, na programu ndiyo iliyozifunga pamoja zikawa kitu kimoja. Papa Kasereka alinieleza hivi: fikiria watoto wanne wa nyumba moja walioambiwa siri. Mmoja akisahau, wale watatu wakikaa pamoja wanaikumbuka yote. Wakisahau wawili, siri imekwenda.

Na kwa kuwa alikuwa amesema habari ya watoto wa nyumba moja, hakuweza kujizuia. Kwao Wanande mtoto wa kiume anapewa jina kwa mpango wa kuzaliwa, na yeye alizaliwa wa tatu. Basi droo ya kwanza aliibandika karatasi ya Paluku, ya pili Kambale, ya tatu Kasereka, ya nne Kakule. Mpango wa nyumbani kwao kabisa. Alizisalimia asubuhi. Droo ya Kambale aliisalimia kwa ubaridi, kwa sababu Kambale wa kweli, kaka yake wa Butembo, alimchukulia baiskeli wakati wa ujana na hakuirudisha.

Sasa tufike kwenye ukaguzi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi seva ilianza yenyewe kuzisoma diski zote nne, hata pembe ambazo hakuna aliyezifungua tangu zilipoandikwa, na kulinganisha kama bado zinasema neno moja. Haigusi picha zenu. Inatafuta mahali palipooza kabla hamjapahitaji. Vijana wengi wanaona ukaguzi ni usumbufu tu, wanauzima kabisa, na mashine inakwenda vizuri sana mpaka siku diski moja inapokufa na zile tatu zinaulizwa siri ya zamani. Hapo ndipo mnagundua kwamba mmoja wa wale watatu alikwisha kuisahau siku nyingi na hakumwambia mtu.

Usiku hatukuwa na umeme wa kuaminika, kwa hiyo Papa Kasereka aliupanga ukaguzi Jumapili asubuhi, saa watu wako kanisani. Mpango mzuri, kama mapadri wangekuwa wanahubiri kwa kirefu. Mara nyingine watu walifika kazi ikiwa katikati, na seva ikiwa inasoma diski zote haina nafasi ya kumhudumia mtu. Picha ilifunguka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayeshusha pazia.

Kwa hiyo mshike hili: watu wakifika, punguzeni mwendo wa ukaguzi. Kuna namba ya mwendo, ishusheni. Na mkijua umeme unataka kwenda, ambieni ukaguzi upumzike, kisha mzime mashine kwa utaratibu. Kuusimamisha ukaguzi hakuui kitu, utaanza tena siku nyingine. Kinachoua ni umeme kukatika ghafla wakati diski zote zinakimbia.

Na umeme ulikatika ghafla kwa sababu ya mikate ya Mama Sifa.

Mama Sifa alikaanga mikate ng'ambo ya barabara. Ilikuwa mitamu. Mimi na Papa Kasereka tulikuwa dhaifu mbele yake, yeye alijua, na kwa sababu hiyo simu yake ilichajiwa kwetu. Kisha simu ya dada yake. Kisha za wateja wake. Mnajua mji wetu ulivyo, nyumba ikiwa na umeme inakuwa ya wote. Simu zile, na taa, na redio moja ya mtu nisiyemjua mpaka leo, zilinyonya kwenye onduleur, lile sanduku la betri linaloishikilia seva umeme ukienda. Betri iliyotakiwa kutupa nafasi ya kuizima mashine kwa amani ilikuwa inalisha mtaa.

Jumapili moja ya kwanza ya mwezi alikuja Papa Furaha. Huyu alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi, ng'ombe wake waliliwa na watu wenye bunduki, na alikuwa anakaa kambini. Alivaa kofia ya kitambaa kizito ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Tulimwita kwa jina la binti yake, kama baba yeyote anavyoitwa, na binti mwenyewe ndiye aliyekuwa anamtafuta. Jina la Furaha tulikwisha kulitafuta mara nyingi. Wale Furaha wote tuliowapata walikuwa wa watu wengine. Basi yeye alikuja kuangalia nyuso tu, kila Jumapili, bila haraka, kama mtu anayekagua zizi.

Siku hiyo nilikuwa namfungulia picha mpya za Kiwanja, zilizofika katikati ya wiki. Ukaguzi ulikuwa unaendelea, picha zinashuka polepole. Ikaanza moja. Nywele zikatokea. Paji la uso. Juu ya nyusi ya kushoto kovu dogo lililopinda.

Papa Furaha akasimama.

"Simama hapo! Hapana endelesha!"

"Papa, siyo mimi naendelesha, inashuka yenyewe."

"Ile kovu ni ya ndama. Ndama yangu ya madoa ilimupiga kichwa. Mutoto wangu ni huyu! Angalia, macho inakuja..."

Macho yakaja. Umeme wa mji ukaenda, onduleur ikalia mara moja kama mbuzi aliyekanyagwa, na kila kitu kikazimika. Skrini, seva, simu za mtaa mzima. Papa Furaha alibaki ameinama mbele ya kioo cheusi, anaangalia pale ambapo pua ilitakiwa kufika.

"Kesho, papa," nilimwambia. "Picha iko ndani. Kesho utaona kidevu."

Nilisema kwa moyo mweupe. Sikujua kwamba barabara ya Kiwanja ilikuwa imefungwa asubuhi ile ile kwa mapigano, wala sikukumbuka kwamba flashi tulikwisha kuifuta, na kwamba nakala yetu ya nje, ile diski ndogo tuliyoificha kwa masista, haikuwa na picha za wiki hiyo. Uso wa Furaha ulikuwa mahali pamoja tu duniani, katika zile droo nne.

Jumatatu umeme ulirudi. Seva iliamka, ikaona kwamba ilizimwa vibaya, ikaanza kujisoma upya bila kutuomba ruhusa. Hapo msiiingilie, iacheni imalize. Papa Furaha alikuwa kwenye benchi tangu alfajiri. Milio mizito ilisikika upande wa milima, madirisha yanatetemeka, na kila aliyepita barabarani alikuwa na godoro kichwani. Mashine ilipomaliza ikatuandikia malalamiko: diski ya pili ina sehemu zisizosomeka.

"Ya pili," alisema Papa Kasereka, na kwa kweli nilimwona akifurahi kidogo. "Kambale. Nilijua. Hata wa kwetu ni mugonjwa-mugonjwa, na baiskeli yangu hajarudisha."

"Papa, tumufungulie kwanza Papa Furaha ile picha yake?"

"Mugonjwa kwanza. Vita iko karibu, umeme unaweza kwenda tena. Tunatoa mubovu, tunatia mupya, kisha tunafungua picha na roho safi. Leta torche."

Mpango wake haukuwa wa kijinga. Kasoro yake ilikuwa ndogo kama sindano. Aliiambia programu iiweke pembeni diski ya pili. Programu ikakubali. Zikabaki tatu, na tatu zinatosha. Kisha akashika droo yenye karatasi ya Kambale, akaivuta.

Seva ikakaa kimya cha ajabu. Kwenye skrini, orodha yote ya watoto ikapotea.

Hapa ndipo kuna kosa ambalo nadhani ni la kwetu peke yetu. Nyumbani kwa Papa Kasereka, aliyezaliwa wa pili ni wa pili mpaka kaburini. Hata akihamia Kinshasa, hata akiwa tajiri, ni Kambale. Seva haikulelewa hivyo. Kila ikiamka inazihesabu diski upya kwa jinsi zilivyoamka, anayefungua macho mapema anakuwa wa kwanza. Baada ya kuzimika vibaya ile Jumapili, ziliamka kwa mpango mwingine. Wa pili wa seva hakuwa wa pili wa droo. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa amewekwa pembeni, na mzima ameshikwa mkononi na Papa Kasereka. Wawili hawapo. Siri imekwenda.

Papa Furaha alikuwa mlangoni. Aliona kila kitu.

"Mutoto wangu iko ndani ya ile droo?"

Papa Kasereka angeweza kudanganya. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai.

"Iko ndani ya zote nne, muzee. Kidogo-kidogo."

Papa Furaha akafikiri.

"Basi hapana kosana na hata moja," alisema, akarudi kwenye benchi.

Kisha Papa Kasereka akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa elimu yangu yote. Aliiweka Kambale mezani taratibu, juu ya kitambaa, akaniambia: "Riziki, kalia mikono."

Tulikaa, mikono yetu chini ya mapaja. Kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo watu wanaua picha. Mikono inawasha. Unataka kubonyeza. Kuna amri ya kuunda upya zile diski nne, na ukiitoa, mashine inaweza kutandika kitanda kipya juu ya watoto waliolala. Kuna amri ya kurekebisha, jirani wa ile ya kukagua, lakini yenye haraka: haijui nani kati ya diski amesema uongo, inawalazimisha tu wakubaliane. Mkiwa na hofu msiiguse hata moja. Tokeni nje mkanunue mkate.

Hatukuhitaji kutoka. Mama Sifa aliingia kutafuta simu yake.

"Ni aje? Munasali?"

"Tunafikiri," alisema Papa Kasereka.

"Kwa kukalia mikono? Basi ndiyo vile mashine haitembei."

Tulipopoa, Papa Kasereka alianza upya, mara hii bila majina. Kila diski ina namba yake ya kiwandani, imechapwa kwenye ngozi yake, na haibadiliki hata mashine iamke kichwa chini. Katika yale malalamiko ya asubuhi namba ya mgonjwa ilikuwa imeandikwa pia. Aliisoma kwa sauti, nami nikapita droo moja baada ya nyingine na torche, nikizitoa na kuzirudisha, sasa mashine ikiwa imezimwa kwa heshima. Paluku siyo. Kambale siyo. Nikafika ya tatu. Nikasoma. Nikasoma tena, kwa sababu nilimpenda mwalimu wangu.

"Papa... ni Kasereka."

"Soma vizuri."

"Nimesoma."

"Haiwezekani. Kasereka hajaugua hata siku moja."

Mama Sifa, ambaye simu yake ilikuwa mkononi tayari na hakuwa na sababu yoyote ya kubaki, alicheka mpaka akashika ukuta. "Pole, papa! Umefunga kaka yako na mwizi ni wewe!"

Kambale alirudishwa katika droo yake, na nina hakika Papa Kasereka alinong'ona neno la kuomba msamaha. Kasereka akabaki nje. Tukaiwasha mashine, tukaiambia programu ikusanye wale watatu wazima kwa nguvu kidogo, bila kuandika chochote, kusoma tu. Tulingoja. Milio ya milimani ilikuwa imenyamaza. Orodha ikarudi, jina kwa jina.

Hatukucheza. Jambo la kwanza, kabla ya kumwita mtu yeyote, tulinakili picha mpya zote kwenye diski ya nje. Hilo ndilo tulilotakiwa kulifanya asubuhi, na ninawaomba mliandike ukutani: nakili kwanza, ndipo mfungue droo. Diski nne zilizofungwa pamoja siyo nakala. Ni familia moja katika nyumba moja.

Ndipo nikamwita Papa Furaha. Nikabonyeza picha yake. Hakukuwa na ukaguzi wa kuichelewesha, kwa hiyo ilifunguka yote mara moja, pwaa!

Aliruka nyuma akafunika macho.

"Hapana! Ondosha! Siyo vile!"

"Papa, ni yeye ama siyo yeye?"

"Sijaangalia! Ianze juu, kama jana."

Mimi sikujua amri ya kumfanyia vile. Lakini yeye alikwisha kuvua kofia yake, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaifunika skrini, akaanza kuishusha kwa mkono wake mwenyewe. Nywele. Paji. Kovu la ndama. Macho. Hapo alisimama kidogo, akavuta pumzi. Pua. Mashavu. Mdomo uliojikaza. Kidevu kilichochongoka mbele kama cha mtu anayebisha.

"Ni cha mama yake," alisema. "Hata akilala, kile kidevu kilikuwa kinanibishia."

Chini ya picha tulisoma maandishi. Jina: Bébé. Kumbe ndivyo walivyomwita nyumbani, na mtoto mdogo akiulizwa jina anataja lile analoitiwa chakula. Anakaa Kiwanja, kwa mama mmoja muuza viazi nyuma ya soko. Papa Furaha alilirudia neno viazi mara nyingi, kana kwamba ni anwani ya ikulu.

Barabara ilipofunguka alikwenda, na alirudi naye. Nitawaambia tu kwamba mtoto aliingia ofisini, akaiangalia seva kwa dharau, akauliza: "Ndiyo hii ilikataa kidevu yangu?"

Diski mpya tuliitia, zile tatu zikaifundisha siri yote tangu mwanzo, na baadaye tukakagua mpaka tukaridhika. Majina tuliyabandua. Kwenye kila droo tukabandika namba ya kiwandani ya diski iliyomo. Mama Sifa alitaka tumwite mgeni Katembo, kwa kuwa amezaliwa wa tano, na bado anamwita hivyo. Simu zake tulizihamishia kwenye waya wa pembeni, mbali na onduleur, na kwa wiki nzima mikate yake ilikuwa midogo. Kasereka, ile diski mbovu, ilikaa juu ya meza ya mwenye jina. Kila mgeni aliulizwa kama anaona ina dalili ya ugonjwa. Hakuna aliyethubutu kusema ndiyo.

Papa Furaha hakuacha kuja. Jumapili ya kwanza ya mwezi alikaa kwenye benchi lake lile lile, hana tena wa kumtafuta, na picha zikichelewa na wazazi wakianza kunung'unika, yeye ndiye aliyewanyamazisha. "Muvumilie. Inahesabu watoto. Mimi pia jioni nilikuwa nahesabu ng'ombe, na hakuna mutu alinikatisha."

Wiki iliyopita walikuja studio yangu ya Mapendo, yeye na Furaha, aliyekwisha kuwa msichana mrefu mwenye maneno mengi. Walikuwa wateja wangu wa kwanza. Nilimpanga binti mbele ya pazia la bluu, akakataa kucheka, nikampiga hivyo hivyo. Nikamgeuzia baba yake kioo cha kamera aone.

Hakuangalia. Alivua kofia, akakifunika kioo chote.

"Papa, jameni!" alisema Furaha. "Niko hapa mbele yako!"

"Nyamaza," alisema baba yake, na akaanza kuishusha polepole, kuanzia kwenye nywele.